Interferoni: mbiu inayopaswa kukoma

Homa inapopanda, viungo vikauma na chakula kikakosa ladha, tunavilaumu virusi. Sehemu kubwa ya mateso hayo hutokana na interferoni, protini ambazo mwili wenyewe huzitoa seli inapogundua imevamiwa. Waliowahi kutibiwa homa ya ini C kwa sindano za interferoni wanalijua hilo. Dawa haikuwa na kirusi hata kimoja, lakini iliwatetemesha kama wenye mafua makali.

Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua interferoni London mwaka 1957. Walichukua utando wa yai la kuku lenye kiinitete, wakauweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, kisha wakatia virusi hai. Virusi hai vilishindwa kuzaliana. La kushangaza zaidi, majimaji yaliyozunguka utando huo yalipohamishiwa kwenye utando mwingine, nao ukapata kinga.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na interferoni ndizo mbiu ya seli. Seli iliyovamiwa huenda ikafa, lakini jirani zake, zikishapata habari, huwasha mamia ya jeni. Baadhi ya protini zinazotengenezwa hukatakata RNA ya virusi. Nyingine husimamisha uzalishaji wa protini ndani ya seli, virusi vikakosa cha kujijengea. Seli iliyovamiwa pia huanika nje vipande vya adui ili seli za kinga ziitwazo seli T ziitambue na kuiua. Interferoni za aina ya gama nazo huzipa seli za kinga ziitwazo makrofaji nguvu ya kuua bakteria wa kifua kikuu waliojificha ndani yake. Mtoto aliyezaliwa na hitilafu katika njia hiyo anaweza kuugua vibaya kwa chanjo ya kifua kikuu, BCG, tu.

Kwa sifa hizo, mwaka 1990 Kenya ilitangaza kwa matumaini makubwa dawa ya Ukimwi iitwayo Kemron, interferoni alfa ya kiwango kidogo ya kumumunya mdomoni. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake. Inauma kukumbuka wagonjwa walioitegemea.

Tumbili wa Afrika wanatufundisha jambo hapa. Wengi hubeba SIV, jamaa wa VVU, na damu yao imejaa virusi, lakini ni nadra waugue. Interferoni zao hupanda siku za mwanzo, kisha mwili huzituliza ndani ya wiki chache. Kwa nyani aina ya rhesus wa Asia, na kwa binadamu asiyetumia ARV, hazitulii; seli za kinga huchochewa mwaka hadi mwaka mpaka zichoke. Hata hivyo, ukizizuia interferoni za rhesus mapema mno, ugonjwa huenda kasi zaidi. Kwa hiyo dawa inayonadiwa kuwa “inaongeza kinga” naiuliza kwanza: inaongeza ipi, na kwa muda gani?

Kwa wagonjwa wengi wa lupasi, ambao interferoni zao hulia bila adui yeyote, tiba mojawapo ni kuzinyamazisha. Dawa ya anifrolumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, huziba kipokezi cha interferoni hizo kwenye seli.