Fedha isiyouzwa kwa mizani

MFANYABIASHARA aliyezoea kupima kwa gramu hushangaa akiambiwa kuna fedha ghafi ambayo bei yake haitokani na uzito. Si pete wala sarafu. Ni kipande cha mwamba chenye nyuzi za fedha zilizojikunja kama pembe za kondoo, jinsi zilivyoota zenyewe ardhini.

Vipande vinavyosifika zaidi ni vya Kongsberg, Norway. Fedha iligunduliwa huko mwaka 1623, na mwaka uliofuata Mfalme Christian IV akaanzisha mji. Hadi migodi ilipofungwa mwaka 1958, ilikuwa imetoa takriban tani 1,300.

Karibu yote iliishia tanurini, kwani kilichotakiwa kilikuwa fedha ya sarafu. Nyuzi nene na za kupendeza ziliyeyushwa pamoja na mawe ya kawaida. Vilivyonusurika ni vichache: vingine viliwekwa kando kwa uzuri wake, vingine viliibwa na wachimbaji ingawa adhabu ilikuwa kali. Baadhi viko katika makumbusho ya madini mjini humo.

Uhaba huo hupandisha bei, na bei huvuta matapeli. Akanthaiti, yaani fedha iliyoungana na salfa, ikipashwa moto huotesha nyuzi za fedha kwa muda mfupi. Wapo pia wanaobandika nyuzi kwenye jiwe kwa gundi. Kwa hiyo mnunuzi makini hukagua shina la uzi kwa lenzi, kisha huulizia lebo ya zamani: kimetoka mgodi gani, na kimepita mikononi mwa nani? Lebo ikipotea, thamani hushuka.

Jambo hili halipo Ulaya tu. Wakusanyaji hao hao hutafuta fuwele za tanzanaiti na tsavoraiti kutoka Mirerani, mkoani Manyara, zikiwa nzima na hazijakatwa. Fuwele iliyokamilika pande zote, hasa ikiwa bado imeshikamana na mwamba wake, inaweza kuwavutia kuliko kito kitakachotokana nayo.

Anayenunua kwa wachimbaji atafute ushauri kabla ya nyundo kugusa jiwe, aandike lilikotoka, na apate kibali kabla ya kufika mpakani. Fuwele ikishavunjwa haiungiki, kama ambavyo fedha ya Kongsberg iliyoyeyushwa haitarudi kuwa uzi.