Mlima ukitoa moto, mkubwa aseme nini?

Mnakumbuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, wakati Nyiragongo ilipolipuka na anga la Goma likawa jekundu? Wengi walikuwa wamekwisha kushika barabara ya Gisenyi au ya Sake, mtoto mgongoni na godoro kichwani, kabla ya kusikia neno lolote la serikali. Kila mtu alisema lake. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na jamaa zao.

Alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, alitaja kartie 10 kati ya 18 za mji zinazopaswa kuhama. Akasema njia ni ya Sake, watu wabebe vitu vichache, wasirudi mpaka waambiwe. Alisema pia jambo ambalo wakubwa wengi huogopa kulisema: mlipuko mwingine unaweza kutokea bila dalili, nchi kavu au chini ya ziwa. Hakuapa kwamba utatokea. Haukutokea, na wengine wakasema wamedanganywa. Mimi sikubali. Kusema "inawezekana" si uongo.

Kilichopungua ni kingine. Sake maji yalikuwa haba, na wengi walilala makanisani, shuleni au nje. Ukimwambia mama "hama", mwambie pia atalala wapi, watoto watakunywa nini, na utamletea habari tena lini. Asipojua hayo anapiga hesabu yake mwenyewe. Ndiyo maana wengine walirudi Goma kabla ya tarehe 7 Juni, siku kurudi kulipoanza rasmi. (Sisi walimu tunajua: ukinyamaza mbele ya darasa, watoto wanajijibu wenyewe.)

Mama prezidenti wa kikundi naye ni mkubwa siku hiyo. Maneno yake yawe mafupi: "Shefu wa kartie amesema tuhame. Tunapita njia hii, tunakutana kwenye kanisa fulani. Kama tutarudi kesho, bado sijui. Saa mbili usiku nitawapigia tena." Na saa mbili apige kweli, hata kama hana jipya.

Awakumbushe wamama pia kuandika jina la kila mtoto na namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi, waishonee ndani ya nguo yake. Hiyo ifanywe wiki hii, mlima ukiwa umetulia.