Umbali wa Jua, na Padri Aliyesingiziwa

Leo twataka kulijibu swali ambalo kila mtu aweza kujiuliza akitazama mbingu: watu wameujuaje umbali wa jua na wa sayari, hali hakuna kamba iwezayo kufika huko?

Kwanza tuyafahamu mambo yenyewe. Dunia yetu ni moja katika sayari nane zinazolizunguka jua. Kila sayari ina njia yake, wala haiingilii njia ya mwenzake. Njia hizo si duara kamili, bali zimerefuka kidogo. Ndiyo maana Dunia hulikaribia jua hadi kilometa milioni 147 mwanzoni mwa Januari, na hujitenga nalo hadi milioni 152 mwanzoni mwa Julai. Kwa wastani twahesabu milioni 150. Ziwa letu la Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi: ingempasa mtu kulipita lote, toka ncha hata ncha, zaidi ya mara 220,000 ndipo atimize safari hiyo.

Tutwae mfano. Ukingoni mwa uwanja mpana tuweke chini chikichi moja, iwe ndiyo jua. Halafu tutembee, na kila hatua iwe kilometa milioni 50. Baada ya hatua moja na kitu twaipita Utaridi. Baada ya mbili na kitu, Zuhura, ile iitwayo nyota ya asubuhi. Kwenye hatua ya tatu twaikuta Dunia, nayo ni ndogo kama chembe ya vumbi. Mirihi ipo kati ya hatua ya nne na ya tano. Kisha hatuoni sayari nyingine mpaka karibu na hatua ya 16, ilipo Mshtarii. Zohali ipo karibu na hatua ya 29, Uranusi ya 57, na Neptuni ya 90. Tena, kadiri sayari ilivyo mbali na jua, ndivyo inavyokwenda polepole: Utaridi humaliza mzunguko wake kwa siku 88, lakini Neptuni kwa miaka 165.

Jambo hilo lina kanuni, nayo ilitangazwa mwaka 1619 na Mjerumani Johannes Kepler. Tukihesabu umbali wa Dunia na jua kuwa moja, sayari iliyo mbali mara 4 ingezunguka kwa miaka 8, kwa kuwa 4 × 4 × 4 ni 64, na 8 × 8 ni 64 vilevile. Kwa hiyo, mtu akijua muda wa mzunguko wa sayari, aweza kujua umbali wake ukilinganishwa na ule wa Dunia. Lakini kanuni hiyo ilikuwa kama ramani isiyoandikwa kipimo. Ilionyesha kwamba Mshtarii i mbali na jua mara tano na zaidi kuliko sisi. Haikusema ni kilometa ngapi. Ulihitajiwa umbali mmoja tu upimwe kweli, na mingine yote ingejulikana.

Mwaka 1716 Mwingereza Edmond Halley alieleza njia ya kuupima. Inua kidole mbele ya uso, ukitazame kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili: chaonekana kimehama. Vivyo hivyo, Zuhura ikipita mbele ya jua, watu wawili walio mbalimbali duniani huiona ikikata uso wa jua mahali tofauti kidogo. Wakiandika saa kamili ya kuingia na ya kutoka, na umbali kati yao ukijulikana, hesabu huleta umbali wa jua. Lakini Zuhura hupita hivyo kwa nadra sana: ilipita mwaka 1761 na 1769, kisha haikupita tena hata 1874. Aliyekosea mwaka 1769 hakuwa na nafasi ya pili.

Basi, mwezi wa Juni 1769 watu walitawanyika duniani. James Cook alikuwa Tahiti, kisiwa cha bahari ya kusini. Padri Maximilian Hell, Mjesuiti, mkuu wa nyumba ya kupimia nyota ya Vienna, alikuwa Vardø, kaskazini kabisa ya Norwe, kwa mwaliko wa mfalme wa Denmark. Huko jua halikutua usiku ule, naye aliiona Zuhura ikiingia na kutoka, akaandika saa zake.

Kwa kuwa alikawia kuzitangaza, wengine walianza kumshuku. Alifariki mwaka 1792. Mwaka 1835 Carl Ludwig Littrow wa Vienna aliuchunguza mwandiko wake, akasema kwamba rangi za wino zatofautiana, ya kuwa padri aligeuza hesabu zake baadaye. Jina la marehemu likachafuka karibu miaka hamsini. Mwaka 1883 Mwamerika Simon Newcomb aliyatazama makaratasi yaleyale, akaona kwamba masahihisho yenyewe yalifanywa palepale Vardø. Akauliza habari za Littrow, akaambiwa kwamba hakuweza kupambanua rangi vizuri! Hivyo Padri Hell alitakaswa, miaka 91 baada ya kufa kwake.

Kwa vipimo vya 1761 na 1769, Mfaransa Lalande alipata kilometa milioni 153. Mwaka 1961 mawimbi ya rada yalipelekwa hata Zuhura yakarudi, na tangu 2012 kipimo kilichokubaliwa ni kilometa 149,597,870.7. Wazee wale hawakukosea sana.

Tulishike fundisho hili. Umbali wa sayari ulijulikana kwa sababu watu waliotengana kwa bahari na nchi waliandika kwa uaminifu kile walichokiona, na wenzao wakawasadiki. Littrow naye alisema alichokiona. Kosa lake ni kumhukumu mwenzake kabla ya kuyapima macho yake mwenyewe. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo yatulazimu hata pale tunapodhani kwamba tunaona vema.