Marseille si ya kupiga picha tu: namna ya kusoma mji wa zamani wa bandari

Mtu wa kwetu akifika Ulaya, kazi ya kwanza ni picha. Picha mbele ya treni, picha mbele ya kanisa, picha na bahari nyuma, na chini yake maneno "Mungu ni mkubwa". Sina neno juu ya picha, mimi pia nilituma zangu. Lakini mtu aliyemaliza miaka mitano kwenye chuo kikuu anapaswa kurudi na kitu zaidi. Nilipokuwa Ubelgiji kwa masomo, nilitumia likizo ya Pasaka kwenda Marseille, kusini mwa Ufaransa, kwenye bahari ya Mediteranea. Nilikaa siku nne. Nataka kueleza namna mji ule unavyoweza kusomwa, juu ni moja ya miji ya Ulaya ambayo Afrika iko ndani ya mawe yake, na mtalii anaweza kupita bila kuona kitu.

Makaratasi kwanza, maana najua ndilo swali lenu. Mwenye pasipoti ya Kongo anahitaji viza ya Schengen. Viza ya muda mfupi inakuruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Tangu Juni 2024 mtu mzima analipa euro 90, na wakikukatalia, franga hizo hazirudi. Wanaomba pia bima ya safari ya euro 30,000 kwa uchache, fasi ya kulala, na alama kwamba una njia ya kuishi na sababu ya kurudi. Aliye tayari na kibali cha kukaa kwenye nchi moja ya Schengen, kama mwanafunzi wa Ubelgiji, haombi viza ingine kwa matembezi mafupi. Kutoka Paris, treni ya TGV inafika Marseille kwa saa tatu na kitu.

Sasa tuingie mjini.

NGAZI ZA SAINT-CHARLES

Treni inakushusha kwenye stesheni ya Saint-Charles, juu ya kilima. Ukitoka nje, mji wote uko chini yako, na mbele kuna ngazi kubwa ya mawe yenye vidato 104, iliyozinduliwa mwaka 1927. Vijana wanakaa pale jioni, wanakula, wanacheka. Wewe teremka pole pole na uangalie sanamu mbili za Louis Botinelly, moja huku, ingine kule. Moja inaitwa Makoloni ya Afrika, ingine Makoloni ya Asia. Kila moja ni mwanamke aliyelala.

Kwa nini sanamu za namna hii ziwekwe kwenye stesheni ya treni? Juu Marseille ilikuwa mlango. Msafiri wa Paris alishuka hapa, akateremka mpaka kwenye meli za Algiers, Dakar ao Saigon. Bandari ya zamani ilikuwa imekwisha kuwa ndogo, wakaanza kujenga ingine La Joliette kwenye miaka ya 1840. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia ya Asia ikawa fupi na Marseille ikanona. Mwaka 1906 na tena 1922, mji uliandaa maonyesho makubwa ya makoloni. Ngazi ile ni mtoto wa wakati huo: ilikuwa ikimwambia anayeondoka kwamba kule anakokwenda kuna mali inayomngoja imelala.

Sisi tulikuwa chini ya Ubelgiji, si chini ya Ufaransa. Lakini ukisimama katikati ya sanamu hizo mbili, hauhitaji mtu wa kukutafsiria. Hakuna mtu aliyenizuia kupita pale, na hakuna aliyenieleza. Njo maana naandika.

SABUNI NA MAWESE

Ukifika Vieux-Port, yaani bandari ya zamani, kila duka linauza sabuni ya Marseille, kipande cha mraba kilichogongwa maandishi "72%", ndiyo kiasi cha mafuta. Watakuambia ni sabuni ya zeituni, tangu amri ya mfalme ya 1688 iliyokataza mafuta mengine. Ni kweli, lakini ni nusu ya hadithi. Karne ya 19 viwanda vilipokuwa vikubwa, zeituni za jirani hazikutosha. Wakaleta mawese kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi, karanga kutoka Senegal, na nazi kutoka mbali zaidi. Mpaka leo dukani kuna kipande cha kijani, cha zeituni, na kipande cheupe, ambacho mara nyingi ni cha mawese ao nazi.

Mawese ya Kongo ilifuata njia ingine. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa Lever, Mwingereza tajiri wa sabuni, mashamba makubwa ya michikichi kwetu, na mji wa Lusanga ukaitwa Leverville. Bandari ni tofauti, hesabu ni ile ile: mafuta yanatoka kwa mtu anayeyapanda kwenye mchikichi, jina linabaki kwa mji unaopika sabuni. Mimi nilinunua kipande cheupe.

BANDARI YENYE MIAKA 2,600

Kwa nini mji uko pale na si fasi ingine? Simama kwenye ukingo wa Vieux-Port asubuhi, pale wavuvi wanapouza samaki, na uangalie maji. Bahari imeingia ndani ya nchi kama kidole, vilima viko pande zote, mlango ni mwembamba. Mawimbi hayaingii, na hata upepo mkali wa kaskazini unaoitwa mistral hauwezi kuvunja meli ovyo. Karibu mwaka 600 mbele ya Kristo, Wagiriki kutoka Phocaea, kwenye pwani ambayo leo ni ya Uturuki, waliona hilo wakabaki. Wakauita mji Massalia. Hadithi inasema binti wa mkubwa wa wenyeji, Gyptis, alimpa mgeni Protis kikombe, na kwa desturi yao hiyo ilikuwa kumchagua kuwa bwana. Basi hata kwa hadithi yake yenyewe, mji ulizaliwa siku mgeni alipopewa kinywaji.

Ushahidi wake ulitoka chini ya udongo mwaka 1967. Walikuwa wanachimba msingi wa duka kubwa nyuma ya Bourse, wakakuta kuta na bandari ya Wagiriki na Waroma. Leo ni bustani ya magofu, na Musée d'Histoire iko pale pale. Mkusanyiko wa kudumu kwenye makumbusho za mji unaonwa bila kulipa, na kwa mwanafunzi hiyo ni habari njema.

MELI YA 1720

Marseille iliwahi kuwa na sheria kali sana za kutenga meli zinazotoka fasi zenye ugonjwa. Meli zilingoja kwenye visiwa mbele ya mji. Tarehe 25 Mei 1720 ikafika Grand-Saint-Antoine kutoka Syria, na vitambaa na pamba, na ndani yake watu walikuwa wamekwisha kufa. Lakini vitambaa vile vilingojewa kwenye soko kubwa la Beaucaire mwezi wa saba, na kati ya wenye mali walikuwamo wakubwa wa mji wenyewe. Sheria ikalegezwa kadogo. Tauni ikaingia mjini pamoja na vitambaa. Karibu nusu ya watu wa Marseille walikufa.

Sisi tuliopita kipindi cha Ebola kati ya 2018 na 2020 kule Kivu Kaskazini na Ituri, tulionawa mikono kwenye kila barieri, tunaelewa hadithi hii haraka kuliko watalii wengine. Sheria ya afya inakuwa na nguvu paka kama mkubwa naye anaifuata siku mali yake mwenyewe iko ndani ya meli.

LE PANIER, NA MAJUMBA YALIYOKOSEKANA

Juu ya bandari kuna mtaa wa Le Panier, vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa dirishani, michoro ukutani. Ni fasi ya mawe ya kale na watalii wanaipenda. Lakini teremka mpaka ukingoni mwa maji upande huo huo, utaona majumba yaliyonyooka, ya miaka ya 1950. Wengi wanafikiri ni usanifu tu. Januari 1943 Wajerumani, pamoja na polisi wa Ufaransa, waliufukuza mtaa mzima, karibu watu 20,000, kisha wakaulipua majumba karibu 1,500. Wayahudi mamia walipelekwa kwenye kambi za kifo. Kwa hiyo kwenye mji wa zamani, jengo jipya nalo ni maandishi. Uliza kila mara kilichokuwa pale mbele yake ni nini.

MFUNGWA ASIYEKUWAKO

Masua inatoka Vieux-Port, na kwa dakika 20 hivi uko kwenye kisiwa cha If, na ngome yake ya karne ya 16 iliyokuwa jela. Kila mtu anakuja kutafuta chumba cha Edmond Dantès, na chumba kweli wanakuonyesha. Dantès hakuwahi kuishi, ni mtu wa kitabu cha Alexandre Dumas, Le Comte de Monte-Cristo. Na wengi wetu tulisoma Dumas shuleni bila kuambiwa kwamba mama mzaa baba yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa mweusi Saint-Domingue, leo Haiti. Mjukuu wa mtumwa aliandika juu ya mtu aliyefungwa bila kosa, na leo ngome ya mfalme inaishi kwa kitabu chake.

KILIMA CHA BONNE MÈRE

Basi namba 60 inapanda mpaka Notre-Dame de la Garde, basilika iliyowekwa wakfu mwaka 1864, na sanamu ya Bikira Maria yenye kung'aa dhahabu inayoonekana na mtu wa baharini kutoka mbali. Wenyeji wanaiita Bonne Mère, Mama Mwema. Kuingia ni bure. Ndani kuna mifano midogo ya meli inayoning'inia na vibao vya shukrani vya waliookoka baharini. Hata kama wewe si Mkatoliki, panda.

Kisha, ukimaliza picha yako, tafuta alama za risasi kwenye kuta za nje. Tarehe 25 Agosti 1944, waliokikamata kilima hiki kutoka mikononi mwa Wajerumani walikuwa askari wa kikosi cha 7 cha tirailleurs wa Algeria, na kwenye vita ile ile ya kuukomboa mji walipigana pia Wamoroko. Wengi wao Waislamu, wakakomboa kanisa la Mama Mwema. Ni ndugu wa wazee wetu wa Force Publique, waliopigana Saïo, Ethiopia, mwaka 1941. Mtu akikuambia Mwafrika amekuja Marseille kula vya wengine, unajua la kumjibu.

NOAILLES: MJI UNAOISHI

Siku ya mwisho nilikwenda Noailles, dakika chache kutoka bandarini. Pale kuna soko, na ndani yake mihogo, ndizi, pilipili, samaki wa chumvi. Marseille ni moja ya miji mikubwa ya Wakomori duniani, na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Nilimpisha mama mmoja kwenye duka, akaniambia "marahaba". Kwao ni asante. Nilimwitikia kwa Kiswahili cha kwetu, akasimama, akauliza, "Wewe mtoto wa wapi?" Tulielewana nusu kwa nusu, na nusu hiyo ilitosha. Mji ule ulikuwa pia na Ousmane Sembène, Msenegali aliyebeba mizigo bandarini, na mwaka 1956 akatoa kitabu Le Docker noir. Hana ngazi ya vidato 104, lakini ameacha vitabu na sinema.

Noailles ndipo ilipo pia rue d'Aubagne. Tarehe 5 Novemba 2018 majumba mawili ya zamani yalianguka pale, watu wanane wakafa. Mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwenye maduka ya sabuni. Mtalii anasifu kuta zilizochakaa kwamba ni nzuri kwa picha, na kuna mtu analala chini ya kuta hizo akisikia zinapasuka. Sisi wa Bukavu, tunaojenga juu ya mabonde yanayoteremka kila mvua, hatupaswi kuelezwa mara mbili.

MASWALI YA KURUDI NAYO NYUMBANI

Kutoka safari hii nilibaki na maswali matatu ambayo yanafaa mji wowote: Kwa nini mji uko hapa? Nani alilipa majengo yake, na kwa mali ya wapi? Nani alikaa hapa ambaye sanamu hazimtaji?

Na hauhitaji viza kuyauliza. Chukua Kalemie. Iko pale juu ya Ziwa Tanganyika na njia ya kwenda Kigoma. Iliitwa Albertville, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Reli iliifikia mwaka 1915, ikiunganisha ziwa na mto Kongo. Watu gani walipasua mawe ya njia ile, walitoka vijiji gani, walizikwa wapi? Marseille ina makumbusho na vibao, ndiyo maana mtalii anapata wa kumjibu. Kalemie ina wazee, na wazee wanaondoka. Mwenye simu yenye kamera anaweza kuanza na kumrekodi mmoja wao mwezi huu, kabla ya kungoja euro 90.