Simiyu Ina Pamba na Ina Mafundi: Majina Yako Wapi?

Shati la kiume la pamba tupu lina uzito wa robo kilo hivi. Pamba mbegu ikichambuliwa, nyuzi zinazotoka ni kama theluthi moja ya uzito wake, na nyingine hupotea tena kwenye kusokota. Hata hivyo shati hilo halijala zaidi ya kilo moja ya pamba ya mkulima. Kwa misimu ya karibuni mkulima amekuwa akilipwa shilingi elfu moja na ushee kwa kilo. Shati likifika dukani huuzwa shilingi elfu ishirini au thelathini, na likiwa na jina linalosifika, mara kadhaa ya hapo. Fedha yote iliyoongezeka imegawanywa njiani kwa msokotaji, mfumaji, mtia rangi, msafirishaji, mshonaji na mwenye jina lililoshonwa ndani ya kola. Hoja yangu ni kwamba katika safari hiyo ndefu, hatua mbili za mwisho, mshono na jina, ndizo ambazo mji wa Bariadi mkoani Simiyu unaweza kuzishika sasa bila kumngoja mwekezaji wa kiwanda cha nguo. Mshono unao. Jina linakosekana, na sehemu ya sababu ni sisi wanunuzi, ambao hatuna desturi ya kuliuliza.

Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, na katika kilimo cha pamba ndio unaoongoza nchini. Kila mwaka, msimu wa ununuzi unapofunguliwa mwezi Mei, pamba ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huingia vinuni, ikatoka marobota, na sehemu kubwa ya marobota hayo huondoka nchini ikiwa nyuzi ghafi. Meatu kuna mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Tangu mwaka 1994, mradi wa bioRe wenye asili yake Uswisi umekuwa ukinunua pamba hai kwa wakulima wa huko, na nguo za pamba ya aina hiyo zimeuzwa katika maduka ya Coop ya Uswisi kwa lebo ya Naturaline. Mnunuzi wa huko hulipa akijua kwamba fulana yake ina historia inayoweza kufuatiliwa hadi kwa mkulima. Huku kwetu, gauni la harusi lililokatwa, likashonwa na kupigwa pasi barazani, mita chache kutoka sokoni Bariadi, huvaliwa, husifiwa na kupigwa picha, na hakuna anayeweza kusema nani kalishona mpaka amuulize aliyelivaa.

Nguvu ya jina katika biashara ya nguo imejulikana pwani yetu kwa zaidi ya karne moja. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye wengi walimfahamu kama Abdulla, alizitia kanga zake alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Kanga za enzi hizo zilichapwa ng'ambo, kwa hiyo alichokuwa akikiuza zaidi ni uchaguzi wake: michoro aliyoikubali, maneno aliyoyapitisha, ubora alioukubali kubeba alama yake. Karibu na zama zetu, Mustafa Hassanali, aliyesomea udaktari kabla ya kujikita katika mavazi, alianzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam mwaka 2008, na jukwaa hilo limewapandisha wabunifu wengi waliokuwa wakishona majumbani. Doreen Mashika amefungua duka lake Mji Mkongwe, Zanzibar, akiuza mavazi na mikoba yenye jina lake, akitumia kanga na kitenge, vitambaa vilevile vinavyopatikana katika soko lolote la Tanzania. Wabunifu hawa wawili wanatumia cherehani na mkasi uleule anaotumia fundi wa Maswa. Walichoongeza ni uamuzi wa kurudia: mkato wao unatambulika hata mvaaji akiwa mbali, saizi zao hazibadiliki kutoka nguo moja hadi nyingine, na aliyeridhika anajua pa kurudi.

Kwa hiyo anayetafuta wabunifu wachanga Simiyu asianze kwa kutafuta duka lenye vioo na sanamu mlangoni. Maduka ya namna hiyo mengi huuza nguo zilizonunuliwa kwa jumla Kariakoo, na hakuna ubaya, ila humo hutamkuta mbunifu. Aanzie kwenye sherehe. Sare za kamati ya harusi na magauni ya kichenipati ndiyo maonyesho ya mitindo ya mkoa huu, na kwenye picha za WhatsApp zinazofuata huonekana fundi yupi anarudia wazo lake na yupi anakopi picha ya simu. Kisha ashike nguo yenyewe na aigeuze ndani nje, kwa kuwa upande wa ndani ndio unaosema ukweli. Aangalie kama kingo zimepigwa ovaloki au zimeachwa zichanike zikifuliwa. Aangalie bitana: imekatwa kufuata mwili au imebandikwa ili kuficha kasoro? Pale zipu inapokutana na maua ya kitenge mgongoni, nusu ya ua upande wa kushoto inatakiwa iungane na nusu ya kulia. Fundi aliyelifanikisha hilo alipanga kitambaa mezani kabla ya kukata, na yawezekana alikubali kupoteza robo mita kwa ajili hiyo. Apime pia akiba ya kitambaa iliyoachwa kwenye mshono wa ubavuni. Fundi anayeacha inchi nzima anaelewa kwamba mteja anaweza kunenepa na kwamba gauni litarudi. Mwenye mambo hayo manne mkononi tayari ni mbunifu, hata kama anakalia stuli chini ya mwembe na hajawahi kusikia kuhusu wiki ya mitindo.

Mtu atasema: haya ni mazungumzo ya wenye fedha, mwananchi wa kawaida anavaa mitumba. Ni kweli anavaa mitumba, na ana sababu nzito. Suruali imara ya bei ndogo mnadani ni msaada kwa familia, na sitamlaumu yeyote kwa hilo. Historia ya karibuni inaonyesha pia kwamba amri kutoka juu haiwezi kulimaliza soko hilo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru kupitia mpango wa AGOA. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza, na Rwanda iliyobaki na msimamo wake ikasimamishiwa manufaa ya nguo mwaka 2018. Hata hivyo, mitumba na fundi hawagombani kwenye kila vazi. Mtumba ni wa kazini na wa kila siku. Kwa harusi, ubatizo, Idi na Krismasi watu wa Simiyu bado hununua kitambaa na kwenda kwa fundi, hata wenye kipato kidogo. Fedha hiyo tayari inatumika, kwa hiyo ninaloomba halimwongezei mtu gharama: ijulikane tu imekwenda kwa nani na kwa kazi gani.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la mafundi wenyewe. Njoo kesho inayogeuka wiki, gauni linalokabidhiwa saa moja kabla ya sherehe, kitambaa kilichopungua bila maelezo: malalamiko haya yanasikika Tanzania nzima, na mtu aliyeumizwa hivyo ana haki ya kukimbilia nguo iliyokwisha kushonwa. Kwangu mimi hilo linazidi kuonyesha haja ya majina. Fundi ambaye kazi yake haibebi jina hapotezi kitu kikubwa akimharibia mteja mmoja, kwa kuwa lawama hazimfuati mbali. Akishona lebo yake ndani ya kola, kila kola inakuwa ushahidi wa kumtetea au wa kumshtaki. Kusajili jina la biashara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kunafanyika kwa mtandao na gharama yake si ya kutisha. Kinachotisha zaidi ni kuishi kwa kulistahili jina hilo.

Wapo pia wanaouliza uhalisi uko wapi, ikiwa vitenge vingi tunavyoshona vinatoka China na India. Ningependa sana siku moja pamba ya Itilima isokotwe na kufumwa humuhumu mkoani. Lakini kanga za Abdulla nazo zilivuka bahari, na hakuna anayethubutu leo kusema kanga si yetu. Mkato, ukubwa wa mkono, rangi zinazopangwa pamoja, hayo yanatoka kwa watu. Na Usukumani kuna jicho la zamani kwa mambo haya. Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hushindana, na upande unaovuta umati mkubwa ndio unaoshinda, kwa hiyo mavazi, shanga na mbwembwe hupangwa kwa bidii sawa na nyimbo. Jina la manju, yaani kiongozi wa ngoma, hujulikana vijiji vingi. Sioni kwa nini jamii inayomjua manju wake kwa jina iendelee kumwita aliyemvisha fundi tu.

Tatizo la vitendo ni msimu. Fedha ya pamba huingia kati ya Mei na Agosti, na miezi hiyo fundi hukesha. Baadaye kuna Krismasi na sare za shule za Januari, kisha ukimya. Lebo haiwezi kuishi kwa miezi sita. Inahitaji nguo chache zilizoshonwa kabla ya oda, za saizi zinazojulikana, ziuzwe Lamadi kwa wasafiri wa barabara ya Mwanza na Musoma, au Mwanza kwenyewe. Hiyo inadai mtaji wa kitambaa, na hapa halmashauri zina nafasi, kwa sababu sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya ushonaji vikiomba fedha hiyo, swali la kwanza huwa ni vyerehani vingapi vinatakiwa. Ningependa maofisa maendeleo ya jamii waanze kwa kuomba magauni matatu ya mshono mmoja, ya saizi tatu, yenye lebo ya kikundi, wayageuze ndani nje mezani, ndipo wazungumzie mashine.