Safari za Siku Moja Kutoka Mulongwe: Njia Nne za Mwanafunzi wa Lugha

Kila mwaka wanafunzi wengi wa lugha huandika kazi yao ya mwisho bila kutoka maktabani, kwa imani kwamba utafiti wa uwanjani unadai wiki nyingi na pesa nyingi. Kwetu sisi wa Uvira hoja hiyo haina nguvu. Kutoka mtaa wa Mulongwe unaweza kuondoka asubuhi, ukafika kwa watu wanaosema lugha nyingine, na kurudi kulala nyumbani. Hapa naeleza njia nne na kile ambacho kila moja inatupa.

Mji wetu umebanwa. Mbele kuna Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma kuna milima ya Mitumba, inayozidi mita 3,000. Magari yana njia ya kaskazini na ya kusini tu. Ile ya kaskazini inatoa tawi la Burundi pale Kavimvira. Mlimani kunabaki miguu.

Njia ya kwanza ni Bujumbura. Ni chini ya kilomita 30, lakini usiipime kwa kilomita. Ipime kwa foleni ya Kavimvira, kwa foleni ya Gatumba, na kwa saa ya jioni ambapo mpaka hufungwa. Ukishavuka, Kirundi kinakupokea. Hata hivyo, nenda Buyenzi, mtaa unaojulikana tangu zamani kwa wakazi wake wasemao Kiswahili. Sisi kwetu tunasema "batu" na "bitu", na "niko nasoma". Keti pale saa mbili, sikiliza wanasemaje, uandike. Utapata Kiswahili mbili za ziwa moja, na swali la kulinganisha linajileta lenyewe.

Njia ya pili ni tambarare ya Ruzizi: Kiliba na mashamba yake ya miwa, Sange, kisha Luvungi. Bukavu iache, ni zaidi ya kilomita 120, na kupanda Ngomo kunakula siku nzima. Huku ni kwa Kifuliiru, lugha yenye historia ya kuvutia katika isimu. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, aliipa namba D63, jirani na Kirundi, D62. Mashi ya Bukavu aliiweka mbali kidogo, D53. Wataalamu waliofuata wanaiona karibu zaidi na Mashi. Chukua neno "siku": Kifuliiru husema "ulusiku", Mashi "olusiku", lakini Kirundi "umusi". Neno moja si ushahidi wa kutosha. Maneno mia moja, yaliyokusanywa kwa safari tatu au nne, yanaanza kuwa ushahidi.

Mto Ruzizi wenyewe una somo. Mnamo Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitumaini kwamba mto huu unatoka ziwani na huenda ukawa chanzo cha Nile. Wana wa mtawala wa hapa waliwaambia kwamba unaingia. Wageni hao hawakufika mlangoni pake, na mjadala uliendelea Ulaya mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kuona kwa macho yao. Unaingia. Miaka 13 ilipita ili kuthibitisha walichokijua wenyeji kwa kitenzi kimoja.

Njia ya tatu ni kusini, barabara iliyobanwa kati ya mlima na maji hadi Makobola na Mboko. Hapo unaingia kwa Wabembe, na Kibembe kinaanza kutawala sokoni. Siku ya soko ndiyo ya kwenda: wavuvi na wakulima hukutana, na ndani ya bei moja unasikia mtu akihama lugha mara mbili.

Njia ya nne ndiyo fupi kwa kilomita na ndefu kwa saa: kupanda mlima ulio nyuma yetu. Watoto wa mjini hukua na Kiswahili; Kivira wanakisikia kwa bibi, wakikisikia. Wazee wa juu ndio wenye majina ya miti, ya udongo na ya vijito. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Maji yale yalitoka huko juu, katika mabonde ambayo wengi wetu tunayaona kila siku bila kuweza kuyataja hata moja. Kuyaandika majina hayo ni kazi ya isimu, na vilevile ni kujua unaishi chini ya nini.

Masharti ni machache. Njia moja kwa siku moja. Uliza hali ya usalama kabla ya kutoka, na ukiambiwa barabara si nzuri, baki. Jitambulishe kwa chifu wa mahali. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na ukirudi safari ya pili, wasomee wazee ulichoandika, watakusahihisha.

Daftari, kalamu na nauli vinatosha kuanza. Mzee anayejua jina la kijito hatusubiri mpaka tupate ufadhili.