Kulipata Kundi la Watu Wanaoacha Pombe

Kundi la kuacha pombe ni mkusanyiko wa watu walioshindwa kuiacha kila mmoja peke yake, wakaamua kuiacha pamoja. Lililoenea zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA. Lilianza mwaka 1935 mjini Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, alipokutana na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wilson alikuwa na miezi michache tu bila pombe. Shughuli yake ya kibiashara mjini humo ilipoharibika, alihisi kiu inamrudia, akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mazungumzo yao yakazaa msingi unaofuatwa mpaka leo: mraibu humsikiliza mraibu mwenzake kuliko mtu mwingine yeyote, na anayesaidia hunufaika pamoja na anayesaidiwa.

Ugumu wa kulipata kundi hili unatokana na utaratibu wake wenyewe. Majina ya wanachama hayatolewi nje, na AA haijipigii debe. Mtu anaweza kupita kila wiki mbele ya ukumbi wa kanisa bila kujua kwamba jioni watu hukutana humo kusaidiana kuacha pombe. Kinachofichwa, hata hivyo, ni majina ya watu. Mahali na saa ya mkutano huelezwa kwa yeyote anayeuliza.

Mahali pa kwanza pa kuuliza ni hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, kwa kuwa wauguzi na washauri wa hapo mara nyingi huyafahamu makundi ya jirani. Nchini Kenya, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ina namba ya simu ya bure, 1192, ambayo mraibu au jamaa yake anaweza kuipiga apate ushauri na kuelekezwa. Tanzania Bara na Zanzibar zipo nyumba za upataji nafuu, zinazojulikana kama soba hausi. Nyingi kati ya hizo hufuata hatua 12 zilizotokana na AA, na watu wake hujua mikutano inakofanyika. Tovuti za AA nazo huorodhesha mikutano, ikiwemo ya mtandaoni, inayomfaa anayeishi mbali na mji.

Anapopata namba ya kundi, mgeni aulize mambo mawili. La kwanza ni lugha inayotumika. La pili ni kama mkutano ni wa wazi, ambao ndugu na rafiki wanaruhusiwa kuhudhuria, au ni wa waraibu pekee. Mke, mume, mzazi au mtoto anayeumizwa na ulevi wa mwingine ana kundi lake, Al-Anon, lililoundwa mwaka 1951. Anaweza kulihudhuria hata kama mlevi mwenyewe bado anakunywa.

Mkutano kwa kawaida huchukua saa moja hivi. Mwenyekiti hufungua, husomwa maandiko mafupi ya kundi, kisha anayetaka hueleza alivyokuwa akinywa, kilichotokea na anavyoishi sasa. Wengine husikiliza bila kumkatiza wala kumhukumu. Mgeni halazimishwi kusema, na jina moja linatosha. Hakuna kiingilio: kikapu cha mchango hupitishwa, na asiye na kitu hukipisha tu. Sharti la uanachama ni moja, nia ya kuacha kunywa. Hatua 12 humtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomwelewa, hivyo Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wote wana nafasi.

Ushahidi wa kitabibu unayaunga mkono makundi haya. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba tiba inayomwongoza mraibu kuingia AA humsaidia kukaa bila kugusa pombe kabisa, mara nyingi kuliko tiba nyingine zinazokubalika.

Kundi, hata hivyo, si mbadala wa daktari. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka, ambaye asubuhi hawezi kutulia mpaka azimue, asikatishe pombe ghafla akiwa nyumbani peke yake. Mwili uliozoea pombe unaweza kuingia katika kutetemeka, degedege na kuchanganyikiwa ndani ya siku chache za mwanzo, na hali hiyo inaweza kuua. Huyo aanzie hospitalini, apewe dawa za kumvusha, kisha aingie kwenye kundi.

Mkutano mmoja hautoshi kuamua kama kundi linafaa, kwa kuwa kila kundi lina watu na desturi zake. Inafaa kuhudhuria mara kadhaa, kujaribu zaidi ya kundi moja na kuchukua namba za simu za wanachama wa kupigiwa kiu inapobana. Baadaye mgeni humchagua mlezi, mwanachama mwenye muda mrefu bila pombe, amwongoze hatua kwa hatua. Anayeteleza na kunywa tena hafukuzwi. Anatakiwa arudi upesi.

Na pale ambapo hakuna kundi kabisa, kanuni za AA zinaruhusu watu wawili au watatu wenye nia hiyo kukutana na kujiita kundi. Akron nako walianza wawili.